Kuvu, Kipande cha Mti na Lebo: Hotuba Kuhusu Makusanyo ya Kale ya Kuvu za Rafu

Ndugu watunzaji wa hebaria, ndugu watafiti, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia makabati ambayo wageni wengi wa hebaria, yaani hifadhi ya mimea na kuvu zilizokaushwa, huyapita bila kuyafungua. Ndani yake hamna maua yaliyobanwa vizuri kwenye karatasi. Mna maboksi na bahasha zenye vitu vigumu vya kahawia, kijivu na vyeusi, ambavyo mtu asiyevijua angeweza kuvitupa akidhani ni uchafu wa msituni. Hizo ni kuvu zinazoozesha mbao, zile zinazochomoza kwenye mashina na magogo kama rafu ukutani, nami leo nitaziita kuvu za rafu. Ninalotaka kusema ni jambo moja, na nalitanguliza ili lisije likapotea katikati ya majina na miaka: thamani ya kielelezo cha kale cha kuvu ya rafu haimo katika kuvu peke yake. Imo pia katika kipande cha mti kilichobaki kimeshikamana nayo, katika lebo iliyoandikwa siku ilipokusanywa, na katika vijikaratasi vilivyoongezwa na waliokuja kuichunguza baadaye. Hivyo vitatu ndivyo tunavyovipoteza kwa urahisi mno.

Anayepitia makusanyo ya karne ya 18 na ya 19 huona mara moja kwamba kuvu za rafu zimo kwa wingi, tena katika hali nzuri kuliko uyoga laini. Uyoga laini ukikauka husinyaa, hupoteza rangi na harufu, kiasi kwamba hata aliyeuchuma kwa mkono wake anaweza asiutambue baada ya mwaka. Kuvu ya rafu, kinyume chake, imejengwa kwa nyuzi zilizosukana, nyingi zikiwa na kuta nene, na ikikaushwa mahali penye hewa hubaki na umbo lake, vitundu vyake vya upande wa chini, na mara nyingi hata mistari ya rangi iliyo upande wa juu. Msafiri aliyekaa miezi kadhaa baharini aliweza kuipakia katika sanduku pamoja na mbegu na magome, nayo ikafika salama. Elias Fries wa Uppsala, Uswidi, aliyechapisha kazi yake kuu ya kuainisha kuvu kati ya mwaka 1821 na 1832, alitoa majina mengi kuliko vielelezo alivyoviacha, na kwa uyoga laini mara nyingi hatuna ila maelezo yake na michoro. Kwa kuvu za rafu tuna bahati zaidi, kwa kuwa zenyewe ziliweza kudumu hata pale ambapo mkusanyaji hakuwa na bidii ya kuzitunza.

Lakini wakusanyaji wa mwanzo hawakujua walichokuwa wakikikusanya. Kwa muda mrefu watu wengi waliamini kwamba mti huoza kwanza kwa sababu zake, ndipo kuvu ikatokea juu ya uozo huo. Ni mtaalamu wa misitu wa Ujerumani, Robert Hartig, ambaye katika miaka ya 1870 aliunganisha nyuzi zilizomo ndani ya mbao na kuvu inayoonekana nje, akaonyesha kwamba kuvu ndiyo inayoozesha. Baada ya hapo wataalamu walizidi kutofautisha njia mbili kuu za uozo. Ipo kuvu inayovunja lignini, kile kinachoipa mbao ugumu, pamoja na selulosi, ambayo ndiyo nyuzi za kuta za seli zake, mbao ikabaki nyeupe, laini, yenye nyuzinyuzi; na ipo inayokula selulosi na kuiacha lignini ikiwa imebadilika tu, mbao ikawa ya kahawia, ikapasuka vipande vya mraba, ikasagika ukiibana kwa vidole. Naomba mzikumbuke njia hizo mbili, kwa maana nitazirudia.

Sasa tuifungue bahasha moja ya kawaida ya katikati ya karne ya 19. Karatasi ya nje imekunjwa mara tatu na kingo zake zimegeuka rangi. Ndani mna nusu ya kuvu, iliyokatwa kwa msumeno kuanzia ukingoni hadi pale iliposhikana na mti, kwa sababu nusu ya pili alipewa mtu mwingine. Mkato huo ni faida kubwa kwetu: unaonyesha nyama ya ndani na matabaka ya mirija, moja juu ya jingine, na kwa kuvu zinazoishi miaka mingi, kama zile za jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) Phellinus, mtu hupata fununu ya umri wake kwa kuyatazama matabaka hayo. Nyuma ya kuvu kuna gome lenye upana wa kucha na chini yake ukanda mwembamba wa mbao. Lebo imeandikwa kwa wino uliofifia: jina la Kilatini, jina la mahali, pengine mwaka, na maneno "ad truncos", yaani kwenye mashina. Mti gani? Hakusema. Ulikuwa hai au umekufa, umesimama au umeanguka? Hakusema. Pembeni vimebandikwa vijikaratasi vitatu vya watu watatu wa vizazi tofauti, kila mmoja akitoa jina lake na tarehe yake, na wa mwisho akimkatalia wa kwanza.

Mtu mwenye haraka huiona bahasha hiyo kama fujo. Mimi naiona kama jalada la kesi ambayo haijafungwa, na kila karatasi iliyomo ni ushahidi. Kijikaratasi cha katikati, hata kama jina lake limeshakataliwa, kinatueleza ni kielelezo kipi hasa mwandishi fulani alikuwa amekishika alipoandika kitabu chake, na tukikiondoa kwa ajili ya usafi tu, kitabu kizima kinapoteza nanga. Nimeona makusanyo yaliyohamishiwa kwenye bahasha mpya nadhifu, lebo zikachapwa upya kwa mashine, na zile za kale zikatupwa. Mwandiko nao ni data. Mara nyingi mwandiko peke yake ndio unaotuwezesha kujua ni nani aliyekusanya, hasa pale ambapo jina halikuandikwa.

Watu walioyajenga makusanyo haya walikuwa wa namna nyingi, na wengi wao hawakulipwa kwa kazi hiyo. Christiaan Hendrik Persoon alizaliwa Rasi ya Tumaini Jema, akaishi maisha yake ya uzeeni Paris katika umaskini mkubwa, na hebaria yake ikachukuliwa na serikali ya Uholanzi kwa makubaliano ya kumpa pensheni. Leo iko Leiden. Miles Joseph Berkeley alikuwa kasisi wa Kianglikana katika vijiji vya Uingereza, na mwaka 1879 aliukabidhi mkusanyo wake kwa bustani ya Kew, ambako ukawa msingi wa hazina ya kuvu ambayo sasa ina vielelezo zaidi ya milioni moja. Padri Giacomo Bresadola wa Trento alipokea kuvu kutoka sehemu nyingi za dunia akazitambua kwa barua, na sehemu kubwa ya hebaria yake iko Stockholm. Vielelezo vya Mfaransa Narcisse Patouillard viko Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kufuatilia jina moja la kale asishangae akilazimika kuandika barua kwa nchi nne.

Miongoni mwao, Moses Ashley Curtis anastahili kutajwa kwa utaratibu wake. Alikuwa kasisi katika majimbo ya Carolina, Marekani, na alimpelekea Berkeley kuvu nyingi, kiasi kwamba majina mengi ya spishi hadi leo huandikwa kwa jina la wote wawili. Kielelezo kilichopelekwa Uingereza kilikuwa na namba, naye Curtis akabaki na sehemu yake yenye namba hiyo hiyo, ambayo sasa iko katika hebaria ya Farlow kule Harvard. Ikitokea kipande cha Kew ni kidogo mno au hakina mti, pengine cha Harvard kinao. Lebo moja ikisema jimbo tu, ya pili huenda ikataja na mti. Ndiyo maana ninapinga kwa nguvu zote tabia ya kuviita vielelezo pacha "nakala za ziada" na kuvitoa ili kupata nafasi kabatini. Vipande viwili vya kuvu moja vilivyotenganishwa kwa miaka mia moja na hamsini vimeishi maisha mawili tofauti, katika hewa tofauti, mikononi mwa watu tofauti.

Curtis Gates Lloyd wa Cincinnati namweka peke yake. Alikuwa mmoja wa ndugu watatu wenye biashara ya dawa, na biashara hiyo ilimpa uhuru wa kutumia maisha yake kwa kuvu hadi alipofariki mwaka 1926. Aliandikia watu wa kila bara, akawaomba wamtumie kuvu ngumu zilizokauka, akawajibu kupitia machapisho aliyoyagharimia mwenyewe. Mkusanyo wake ulifikia takriban vielelezo 60,000, na leo umo katika hazina ya taifa ya kuvu ya Marekani huko Beltsville, Maryland. Lloyd alichukia desturi ya kuandika jina la mtaalamu aliyeipa spishi jina baada ya jina la spishi hiyo, akiamini kwamba inawafanya watu watunge majina mapya kwa kutafuta sifa. Sikubaliani naye kuhusu tiba, kwa sababu jina la mwandishi hutuongoza hadi kwenye chapisho na kielelezo. Lakini ugonjwa aliuona sawasawa. Na jambo alilolifanya vizuri kuliko wengi ni kuhifadhi jina la aliyemtumia kielelezo na mahali kilikotoka, hata kama mtumaji hakuwa na elimu yoyote ya kuvu.

Ndugu zangu, kielelezo kilichokauka na jina la spishi vimefungamana kwa namna ambayo nje ya fani yetu haifahamiki sana. Jina la spishi limefungwa kisheria kwenye kielelezo kimoja, ambacho naweza kukiita kielelezo mama, na kanuni za kutaja majina zinalazimisha kila jina jipya lililochapishwa tangu tarehe 1 Januari 1958 lionyeshe kielelezo chake. Kwa majina ya zamani zaidi ni juu yetu kukitafuta katika yale waliyoyaacha wakusanyaji. Linnaeus, mwainishaji wa viumbe kutoka Uswidi, alizipa majina kuvu kadhaa za rafu mwaka 1753, akiziweka chini ya jenasi Boletus, miongoni mwao ile yenye mistari ya rangi nyingi tunayoiita sasa Trametes versicolor. Jina limehama jenasi zaidi ya mara moja, lakini swali la msingi ni lile lile: ni kuvu ipi hasa aliyoikusudia?

Jibu la swali hilo lina uzito hata nje ya makabati. Mwaka 1781 William Curtis, ambaye si yule wa Carolina, alieleza nchini Uingereza kuvu yenye ngozi ya juu inayong'aa kama iliyopakwa vanishi, na mwaka 1881 Mfini Petter Karsten akaunda jenasi Ganoderma kwa ajili yake. Kwa miongo mingi, kuvu ya dawa inayoheshimiwa Uchina kwa jina la lingzhi iliitwa kwa jina hilo hilo la Ulaya, Ganoderma lucidum, katika vitabu, maabara na vifungashio vya dawa. Kadiri ulinganisho wa vinasaba ulivyoendelea, ikadhihirika kwamba kuvu hizo mbili si spishi moja, na mwaka 2012 watafiti wakachapisha jina Ganoderma lingzhi. Wengine wakasema kuna jina lililotangulia, Ganoderma sichuanense la mwaka 1983, na mjadala ukageukia palepale panapogeukia mijadala yetu yote: kielelezo mama kinasema nini? Fikirini idadi ya makala za tiba zilizoandikwa chini ya jina moja bila kipande cha kuvu kilichochunguzwa kuwekwa katika hebaria yoyote. Hakuna awezaye leo kurudi nyuma akathibitisha ni kuvu gani iliyotumika, na hilo linanihuzunisha kuliko makosa yoyote ya majina.

Hasara nyingine haikutokana na uzembe. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yaliiteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin-Dahlem, na vikapotea humo vielelezo mama vya mabara kadhaa. Hata hivyo, adui wa kila siku ni mdogo sana. Wapo mbawakawa ambao hata msituni huishi ndani ya kuvu za rafu na huweza kuingia nazo hebaria zikiwa hazijakaushwa sawasawa. Na wapo wale wa maghalani, kama yule anayeharibu tumbaku, ambao huona kuvu kavu kuwa chakula kizuri. Mabuu yao hutoboa ndani kwa ndani, ngozi ya juu ikabaki nzima, na siku mtu akiinua kielelezo kinamwagika unga. Wazee wetu walipambana nao kwa kupaka kloridi ya zebaki na sumu za aseniki, na kwa hilo waliokoa vielelezo vingi ambavyo leo visingekuwapo. Sumu hiyo bado ipo. Siku hizi tunavigandisha vielelezo kwa siku kadhaa katika baridi kali, nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, kabla ya kuviingiza kabatini, na njia hiyo haimwachii mzigo mtu wa kizazi kijacho.

Nimeeleza kwa nini vielelezo vidumu. Niseme sasa jinsi vinavyojibu maswali ambayo mkusanyaji hakuyawaza. Mwaka 1932 mtaalamu wa mimea na kuvu Mwingereza, E. J. H. Corner, alionyesha kwamba kuvu za rafu hujengwa kwa aina tofauti za nyuzi, nyingine nyembamba zinazozaa, nyingine nene zisizo na vyumba, nyingine zenye matawi ya kufungia, na kwamba mpangilio wa nyuzi hizo husaidia kutenganisha jenasi. Fries na Berkeley hawakujua habari hiyo, ila nyuzi zilikuwamo katika vielelezo vyao zikisubiri hadubini. Vivyo hivyo, kata chembe ya Phellinus iliyokaa kabatini miaka mia, idondoshee haidroksidi ya potasiamu, nayo hugeuka nyeusi mbele ya macho yako kama ile iliyokusanywa wiki iliyopita. Kila ninapowaonyesha wanafunzi jambo hilo, huwaomba watazame kwanza tarehe ya lebo.

Vinasaba navyo vimefungua mlango mpya. Mwaka 2012 kundi la kimataifa la watafiti lilipendekeza eneo la DNA liitwalo ITS liwe alama rasmi ya kutambulisha spishi za kuvu, na tangu hapo maombi ya kukata vielelezo vya kale yameongezeka sana. DNA ya kielelezo cha kale huwa imekatikakatika, imechanganyika na ya ukungu uliopita juu yake, na pengine imeharibiwa na joto la kukaushia au na zebaki. Hata hivyo, kwa kusoma vipande vifupi vifupi, watafiti wamefanikiwa kwa vielelezo vyenye umri wa zaidi ya karne moja. Msimamo wangu ni huu: kielelezo mama kikatwe, lakini mara moja, na kwa ajili ya wote. Anayekata aandike kwenye kijikaratasi alikata wapi, kiasi gani, lini na kwa kusudi gani, na DNA aliyoitoa ikabaki irudishwe hebaria, iwekwe kwenye friza chini ya namba ile ile. Hebaria inayokataa kila ombi inafungia elimu, na ile inayokubali kila ombi itabakiwa na bahasha tupu. Na mkataji achukue katika nyama safi ya ndani, aache uso wa vitundu, kwa maana humo ndimo zinamozaliwa spora, vijimbegu vya kuvu, na bila spora wa hadubini hana la kupima.

Nirudi kwenye mti. Jenasi Antrodia na Antrodiella zina spishi zinazoweza kumchanganya mtu kwa macho, zote zikiwa nyeupe na zikiwa zimetandazika juu ya mbao. Lakini ya kwanza huacha uozo wa kahawia na ya pili uozo mweupe. Penye kipande cha mbao chini ya kielelezo, hata chenye unene wa kijiti cha kiberiti, shaka hiyo huanza kuondoka kabla hadubini haijawashwa. Kipande hicho hicho, kikichunguzwa muundo wa seli zake, huweza kutaja jenasi ya mti ambayo lebo haikuitaja. Na kuna maswali ya sasa yanayodai habari hiyo. Katika misitu ya misonobari karibu na Rome iligunduliwa Heterobasidion irregulare, kuvu ya Amerika Kaskazini inayoozesha mizizi na shina, ambayo inaaminika iliingia na mbao za jeshi la Marekani mwaka 1944. Anayetaka kujua kuvu ngeni imefika wapi, lini na kwa mti gani, anahitaji vielelezo vyenye tarehe, mahali na mti, vilivyokusanywa kabla hajazaliwa mtu wa kuuliza swali hilo.

Kwa hiyo ninawaomba ninyi mtakaokwenda msituni msimu huu: kateni kuvu pamoja na mbao iliyo chini yake, si gome tu, kisha andikeni mti ni upi, kama uko hai au umekufa, umesimama au umelala, na kama uozo ni mweupe au wa kahawia. Kuvu ikiwa kubwa kupita boksi, chukueni kipande kinachoanzia ukingoni hadi mahali iliposhikana na mti, na mwandike vipimo vya kuvu nzima kabla ya kuikata. Nanyi mtakaofungua makabati ya karne ya 19 baada ya mkutano huu, vaeni glavu, fanyieni kazi mahali penye hewa ya kutosha, na unga mtakaoukuta chini ya bahasha msiupulize: ukusanyeni, uwekeni katika bahasha ndogo yenye namba ya kielelezo, kwa sababu pengine ndio kuvu yote iliyobaki.